Mgeni Asiye na wa Kumsemea

Kabalagala, kusini-mashariki ya katikati ya mji wa Kampala, haiko mbali na kambi ya polisi ya Nsambya. Katika vyumba vyake vya kupanga wamo wakimbizi waliotoka Kongo. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inawapa haki ya kufanya kazi. Lakini sheria haiwezi kumsemea mama ambaye mwanawe anachemka kwa homa, naye hajui Kiingereza wala Kiganda.

Mwaka 2007 vijana wa Kikongo mjini Kampala walianzisha chama kiitwacho YARID. Walianza kwa mpira wa miguu, ili vijana wapweke wapate kukutana. Punde ikadhihirika kwamba kikwazo kikubwa ni lugha. Wakaanzisha masomo ya Kiingereza, na ushonaji kwa akina mama.

Jamaa za askari nazo zina hazina yao: Kiswahili. Raia wengi wa Uganda walikizoea kama lugha ya amri. Kwa mama wa Kongo ni sauti ya nyumbani.

Basi, mama wa kambini, mfuatane naye hadi zahanati au ofisini. Mwulize kwanza anataka kusema nini, ndipo umsemee. Na siri yake uihifadhi. Kisha mtembelee tena wiki ijayo, pasipo shida yoyote, mnywe chai. Msaada hukidhi haja ya siku moja. Urafiki huondoa upweke. Mgeni njoo, mwenyeji apone.