Hamsini kwa Mia: Ni Futi au Mita?

Katika zoezi la tafsiri muhula uliopita, tuliwapa wanafunzi wa mwaka wa pili mkataba wa kuuza kiwanja cha "50 kwa 100". Baadhi yao, hasa waliosomea Rwanda na Burundi, waliandika bila wasiwasi: mita 50 kwa mita 100. Hatukuwalaumu, kwani nasi tulifundishwa mita na kilo tangu shule ya msingi. Lakini hapa Uganda kila dalali anajua kuwa hizo ni futi. Kiwanja cha mita za mraba 465 kiligeuka kuwa cha mita za mraba 5,000, yaani zaidi ya mara kumi. Je, mkataba huo ungefika mahakamani, mtafsiri angejibu nini?

Vipimo vya Kiingereza vinatusumbua kwa sababu havipandi kwa kumi. Inchi moja ni sentimita 2.54. Inchi 12 ni futi moja, futi 3 ni yadi moja, na yadi 1,760 ni maili moja, karibu kilomita 1.6. Ekari ina futi za mraba 43,560. Hivyo hekta moja ni karibu ekari mbili na nusu.

Hata hivyo, Kiswahili kina ngazi yake ya kutusaidia. Shubiri mbili ni mkono mmoja, mikono miwili ni wari moja, na wari mbili ni pima moja. Ukikadiria shubiri kuwa inchi 9, mkono ni inchi 18, wari ni inchi 36, ambayo ndiyo yadi, na pima ni futi 6. Tulipowaambia wanafunzi wanyooshe mikono na kupimana, somo liliwaingia haraka kuliko kwa kukariri.

Jambo jingine ni neno "mailo". Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uligawa ardhi kwa maili za mraba, na kila moja ni ekari 640. Neno hilo likabaki kuwa jina la aina ya umiliki wa ardhi. Hivyo basi, "ardhi ya mailo" isitafsiriwe "ardhi ya maili".

Tunawashauri watafsiri mambo matatu. Kwanza, uliza maandishi yametoka wapi: galoni ya Uingereza ni karibu lita 4.55, ya Marekani ni karibu lita 3.79. Pili, katika hati za kisheria acha kipimo cha asili, kisha uweke mita kwenye mabano. Tatu, usizidishe usahihi. Msimulizi anayesema alitembea "maili mia" anamaanisha mbali sana, ukiandika "kilomita 160.9" umeua hadithi. Nani angekubali "haba na haba hujaza kibaba" igeuzwe kuwa lita?

Zoezi la wiki hii: kila mwanafunzi apime chumba chake kwa shubiri, kwa futi na kwa mita, kisha aeleze tofauti alizoziona. Nanyi wasomaji mnaojua majina mengine ya vipimo yanayotumika kwenu, sokoni au shambani, tuleteeni idarani.