Je, Wajua? Jina la Mdudu Lilichelewesha Tiba ya Muhogo

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakulima wa maeneo ya Kinshasa na Brazzaville waliona mihogo yao ikidumaa. Majani ya kileleni yalijikunja na kusongamana, pingili zikafupika, na ukigeuza jani unakuta unga mweupe umegandamana kwenye mishipa yake. Unga huo ni nta. Chini yake amejificha kidung'ata, mdudu mwenye rangi ya waridi na urefu wa milimita chache, anayefyonza utomvu wa mmea.

Mwaka 1977 mtaalamu wa Kifaransa, Danièle Matile-Ferrero, alimpa jina la kisayansi: Phenacoccus manihoti. Wote ni majike. Mmoja hutaga mamia ya mayai bila kuhitaji dume, hivyo kidung'ata mmoja aliyepeperushwa na upepo, au aliyebebwa kwenye kipande cha shina la kupandia, anatosha kuanzisha ukoo shambani. Chakula chake kikuu ni muhogo na ndugu zake, ukiwemo mpira ambao majani yake hupikwa kisamvu.

Kwa kuwa muhogo asili yake ni Amerika Kusini, watafiti walikwenda huko kutafuta maadui wa mdudu huyu. Kaskazini mwa bara hilo walikuta kidung'ata kwenye mihogo, anafanana naye kabisa. Wakachukua maadui wake, lakini maadui hao hawakumgusa kidung'ata wa Afrika.

Jibu lilipatikana kwenye hadubini. Wanaoainisha vidung'ata humtandaza jike kwenye kioo, kisha huchunguza vinyweleo vyake na vitundu vidogo mno vya kutolea nta. Mwaka 1981 wataalamu wa uainishaji, Cox na Williams, walitangaza kuwa hao ni spishi mbili. Yule wa kaskazini ni wa manjano na ana madume. Wakamwita Phenacoccus herreni, kwa heshima ya Hans Herren, Mswisi aliyeongoza utafiti huo katika taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA, Ibadan, Nigeria.

Mwaka huohuo mtafiti Anthony Bellotti akampata kidung'ata halisi nchini Paraguay, na huko akapatikana pia adui yake: nyigu mdogo kuliko punje ya mchele, Anagyrus lopezi. Nyigu jike humchoma kidung'ata na kutaga yai ndani ya mwili wake. Buu akianguliwa humla mwenyeji kwa ndani, hadi linabaki ganda gumu la kahawia lililovimba. Kisha nyigu mpya hutoboa tundu la duara na kuruka. Nyigu huyo aliachiliwa kwanza Nigeria, akaenea nchi nyingi za Afrika, na mwaka 1995 Herren akapewa Tuzo ya Chakula Duniani. Cox na Williams wanastahili kutajwa palepale anapotajwa Herren, maana bila kazi yao watafiti wangeendelea kutafuta mahali pasipo.

Leo kuna kidung'ata mwingine Afrika Mashariki, wa mpapai, Paracoccus marginatus, mwenye asili ya Mexico na Amerika ya Kati. Huyu hachagui sana: hula papai, muhogo, parachichi na hata maua ya bustani, na nyigu wake ni mwingine, Acerophagus papayae. Kwa hiyo ukiona unga mweupe shambani, usikimbilie kupuliza dawa, kwani inaweza kuua nyigu wanaokusaidia. Peleka tawi kwa bwana shamba au kituo cha utafiti, mdudu atambuliwe kwanza.