Je, Wajua? Jicho la Kichanga Linalotoka Machozi
Kichanga anayeamka kope zimegandana kwa tongotongo, jicho moja likilengalenga machozi hata asipolia, mara nyingi hana ugonjwa wa macho. Ni mfereji wa kushusha machozi puani haujafunguka. Utando mwembamba umebaki upande wa pua. Takriban watoto 9 kati ya 10 wa namna hii hupona bila upasuaji kabla ya kutimiza mwaka.

Tiba kubwa ni kidole cha mzazi. Nawa mikono, kata kucha, weka ncha ya kidole kwenye pembe ya jicho iliyo karibu na pua, kandamiza kiasi, kisha shusha kuelekea puani. Rudia mara 5 hadi 10, asubuhi na jioni. Daktari Crigler wa New York aliueleza ukandaji huu mwaka 1923, na bado haujapitwa na wakati. Tongotongo hufutwa kwa pamba na maji yaliyochemshwa yakapoa. Maziwa ya mama jichoni? Hayo ni ya mdomoni.

Mwaka ukipita bila nafuu, daktari wa macho huuzibua mfereji kwa kijiti chembamba cha chuma, mtoto akiwa amepewa dawa ya usingizi. Lakini usaha mwingi siku za mwanzo baada ya kuzaliwa, uvimbe mwekundu kando ya pua, au mboni yenye ukungu kwa mtoto anayekwepa mwanga, havisubiri: hospitali siku hiyohiyo.