Kutoka chungu hadi gari: Siri ya wafinyanzi wa Pueblo

VUTA picha. Chevrolet El Camino ya mwaka wa 1985, mbele saluni, nyuma pikapu. Imepakwa rangi nyeusi tititi, na juu ya weusi huo kuna michoro ambayo pia ni myeusi. Ndiyo, nyeusi juu ya nyeusi. Sehemu moja inang'aa kama kioo, nyingine imefifia kama makaa, na tofauti hiyo ndiyo inayokuonyesha mchoro.

Ikikupita barabarani utaapa ni kazi ya wale wasee wa kuchora matatu. Kumbe aliyeipaka ni mfinyanzi. Anaitwa Rose B. Simpson, mzaliwa wa 1983, na kwao ni Santa Clara, kijiji cha Wapueblo katika jimbo la New Mexico, Marekani. Mama yake, Roxanne Swentzell, ni mchongaji maarufu wa sanamu za udongo. Rose ana shahada ya uzamili ya sanaa, na bado aliingia darasani kusomea ufundi wa magari. Gari hilo amelipa jina: Maria.

Maria ni nani? Kaa hapo nikupe stori, maana inagusa jambo linalotusumbua mimi na wewe. Tunaambiwa kila siku tuchague: ama ushike asili uonekane mshamba, ama uwe wa kisasa uonekane umepotea. Wapueblo wamekataa kuchagua.

Udongo kwanza

Pueblo ni neno la Kihispania, maana yake mji au kijiji. Wahispania walipofika kusini magharibi mwa Marekani ya leo walikuta wenyeji wakiishi katika nyumba za udongo na mawe zilizopandana kama ghorofa, wakawaita hivyo. Leo kuna jamii 19 za Wapueblo New Mexico, na ndugu zao Wahopi wako Arizona. Hawana lugha moja, na kila kijiji kina mkono wake katika ufinyanzi. Acoma wanajulikana kwa vyungu vyeupe vyepesi vyenye mistari myembamba. Santa Clara wanachonga chungu kabla ya kukichoma.

Hawatumii gurudumu la kuzungusha. Mfinyanzi anaenda kuchimba udongo mwenyewe, na wengi humwomba ruhusa Mama Udongo kwanza. Anaukausha, anauchekecha, anauchanganya. Kisha anaviringisha vipande virefu kama nyoka na kuvipandisha kimoja juu ya kingine huku akilainisha kwa vidole. Chungu kikikauka kinapakwa udongo uliolegezwa kwa maji, halafu kinasuguliwa kwa jiwe laini la mtoni hadi king'ae. Hapo hakuna kupumzika, kwa sababu udongo ule ukikauka kabla ya kumaliza, unaanza upya. Mawe hayo ya kusugulia hurithiwa, mama hadi binti.

Halafu kuna moto, ambao hauna huruma. Kazi ya wiki kadhaa inaweza kupasuka kwa dakika moja.

Sufuria zilipofika

Kufikia 1880 reli ilikuwa imefika New Mexico. Ilileta sufuria na ndoo za chuma, na ghafla mtungi wa maji ukawa kitu cha kizamani. Ilileta pia watalii waliotaka vitu vidogo vya bei rahisi vya kubeba nyumbani. Wafinyanzi wengi waliacha kazi au wakaanza kulipua.

Hapa ndipo anapotokea Nampeyo, mwanamke wa jamii ya Hopi-Tewa kutoka kijiji cha Hano, Arizona. Alianza kutazama kwa makini vigae vya Sikyatki, kijiji cha mababu kilichohamwa zamani. Aliona mabawa ya ndege na mistari iliyopinda ambayo watu walikuwa wameacha kuichora. Aliichukua na kuipanga upya kwa jicho lake, kwenye mitungi mipana yenye mabega yaliyolala, na biashara ikachangamka. Macho yalipomfifia, aliendelea kufinyanga kwa kupapasa huku jamaa zake wakichora. Alifariki 1942, lakini ukoo wake bado unafinyanga.

Sasa Maria

Maria Martinez alizaliwa kijiji cha San Ildefonso mwishoni mwa miaka ya 1880. Ufinyanzi alifunzwa na shangazi yake, Nicolasa, kwa kukaa kando yake na kutazama. Hakukuwa na cheti. Mimi niliyeacha chuo katikati, nilipofika hapo nilitabasamu kidogo.

Mwanzoni mwa karne ya 20, mwanaakiolojia Edgar Lee Hewett alikuwa akichimba magofu karibu na kijiji chao, na mume wa Maria, Julian, alikuwa mmoja wa vibarua. Hewett alimwomba Maria atengeneze vyungu vinavyofanana na vigae vilivyofukuliwa. Maria akafinyanga, Julian akachora. Wakajaribu, wakakosea, wakajaribu tena.

Mnamo 1919 hivi wakapata kitu kipya. Vyungu vyeusi vilikuwepo tangu kale. Ukiweka chungu chekundu kwenye moto wa kuni na samadi kavu, kisha ukaufunika moto huo kwa samadi iliyosagwa, hewa inakosekana na moshi unazidi. Chuma kilichomo kwenye udongo hubadilika, na chungu kinatoka cheusi. Walichobuni wao ni mchoro. Maria alisugua chungu hadi kikang'aa, Julian akachora juu yake kwa udongo mwembamba ambao haukusuguliwa. Baada ya moto, chungu kikatoka na mchoro uliofifia juu ya weusi unaong'aa. Moja ya michoro yake maarufu ni Avanyu, nyoka wa maji.

Kwa hivyo ukiona chungu cheusi cha San Ildefonso na useme, "Hii ni ya kale kabisa," kumbuka mtindo huo una umri wa miaka mia moja na ushee. Ulipoanza ulikuwa mtindo mpya wa mjini. Leo ndio unaoitwa asili.

Jina la nani?

Kuna kisa kimoja kinachonifanya nimpende Maria zaidi. Kwa desturi, chungu cha Pueblo hakikuwa na jina la mtu. Wanunuzi weupe walitaka sahihi, kwa hivyo katika miaka ya 1920 Maria akaanza kuweka yake. Bei ikapanda. Majirani zake walipoona vyungu vyao haviuzi vizuri, Maria aliandika jina lake kwenye vyungu vyao pia.

Kwa soko huo ni udanganyifu. Kwa kijiji, udongo ni wetu, maarifa ni yetu, kwa nini mmoja ale peke yake? Sisemi nani ana haki, lakini ukiwa msanii mtaani na jina lako limeanza kushika, swali hilo litakufikia. Utamwandikia nani jina lako?

Swali la nani anakula bado lipo. Bidhaa feki zimewaumiza wasanii wa jamii za wenyeji, na mwaka 1990 Marekani ilipitisha sheria inayoharamisha kuuza kitu kwa kudai kimetengenezwa na wenyeji ilhali sivyo.

Mkenya aliyefika kwa Maria

Stori hii ina Mkenya ndani. Magdalene Odundo alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akaenda Uingereza kusomea sanaa, akanaswa na udongo. Katika miaka ya 1970 alifika Abuja, Nigeria, kujifunza kwa wafinyanzi wa huko, kisha akasafiri hadi San Ildefonso kuona jinsi vyungu vyeusi vinavyochomwa. Leo mitungi yake, myekundu na myeusi, hufinyangwa kwa mkono na kusuguliwa hadi ing'ae, na imo katika makavazi makubwa duniani. Mwaka 2020 Uingereza ilimpa heshima ya kuitwa Dame. Alichota kwa wengi, lakini ukiona kazi yake hutamchanganya na mwingine.

Wa leo hawaogopi

Virgil Ortiz wa kijiji cha Cochiti anafinyanga kwa njia za mababu, lakini wahusika wake wametoka siku zijazo. Mwaka 1680 Wapueblo, wakiongozwa na Po'pay, waliwafurusha Wahispania na kuishi miaka 12 bila wao. Wajumbe walikimbia kijiji hadi kijiji wakibeba kamba zenye mafundo ya kuhesabu siku za kuanza. Ortiz ameunganisha vita hivyo na mwaka 2180, ambapo vizazi vijavyo vinasafiri katika wakati kuja kusaidia. Udongo, mavazi, video, yote ni yake.

Mwaka 2022 maonyesho ya Grounded in Clay yalifunguliwa Santa Fe, mwaka uliofuata yakaenda New York. Waliochagua vyungu na kuandika maelezo yao ni Wapueblo wenyewe, zaidi ya 60. Miaka mingi watu wengine ndio waliokuwa wakiwasimulia.

Nimalizie na Acoma. Huko wafinyanzi husaga vigae vya vyungu vilivyovunjika na kuchanganya unga wake kwenye udongo mpya. Unga huo husaidia chungu kisipasuke motoni. Soma tena hapo. Kilichovunjika jana ndicho kinachokizuia kipya kisipasuke leo.

Kwa hivyo, kabla ya kutupa kitu cha shosho yako kwa sababu ni cha kizamani, muulize kwanza kilitengenezwaje. Halafu ukikisaga na kukitia kwenye mdundo, fulana au rangi ya matatu yako, usiombe mtu msamaha. Rose hakuomba. Aliwasha gari na kuondoka.