Land Rover ya sokoro na taa zilizokufa mlimani

Taa ziligeuka rangi ya strungi kabla hatujafika hata kwenye lami. Mvua ilikuwa inanyesha kama imetumwa, waipa zinapanda polepole kama mzee mwenye goti bovu, na nyuma jirani yetu alikuwa na uchungu wa kuzaa. Sokoro, ndivyo tunavyomwita babu huku Gusii, akazima taa zote mwenyewe. Umeme uliobaki ulitakiwa kwenye plagi, la sivyo injini nayo ingezima. Tuliingia Keroka nikiwa nimetoa mkono dirishani na tochi ya simu. Mtoto alizaliwa salama, na mpaka leo mamake huniita afisa wa taa.

Gari lenyewe ni Land Rover Series IIA ya petroli, ya miaka ya sitini. Sokoro aliinunua ikiwa imetumika, kwa pesa za pareto. Najua utasema, "Buda, si muuze mchukue Probox?" Tulikaribia kuuza. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hivyo msee wa Nairobi anayetaka gari la kizamani inabidi alitafute kwenye boma kama letu. Mmoja alikuja, akanywa chai, akatoa bei tamu na sharti moja: kila kitu kibaki cha asili, hata dainamo. Baba mdogo akaunga mkono haraka sana. Na nikiwa mkweli, mimi pia. Niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, na nilikuwa nasomea umeme. Hiyo doo ingenirudisha darasani.

Sokoro akauliza swali moja tu: "Na usiku mkiugua, mtapanda nini?"

Basi tukaamua kuirekebisha, na dainamo ndiyo ilikuwa shida. Usiku ule tulikuwa tumesubiri karibu nusu saa injini ikinguruma polepole na taa zikiwaka, na dainamo injini ikiwa chini haichaji chochote. Si kwamba imeharibika. Ndivyo ilivyoundwa. Umeme wake mzito huzalishwa kwenye sehemu inayozunguka na kutolewa kwa brashi za kaboni, kwa hivyo haiwezi kuzungushwa kasi sana, na puli yake ni kubwa. Alterneta ni kinyume: umeme mzito huzalishwa kwenye koili za nje ambazo hazisogei, halafu dayodi zinaunyoosha uweze kuingia kwenye betri. Kinachozunguka ndani kinahitaji umeme kidogo tu, kwa hivyo unaweka puli ndogo, kinaenda kasi, na kinachaji hata ukiwa umekwama nyuma ya lori la ndizi.

Piga hesabu pia. Dainamo ya Lucas C40 iliyokuja na gari hili hutoa ampea 22, tena ikiwa imekasirika. Taa kubwa ni kama ampea 8, taa ndogo 2, koili 3 au 4, waipa nyingine 3. Umebaki na chenji kidogo. Sasa sisi tulikuwa tumeongeza spotilaiti mbili za wati 55, zenye kula ampea 9 peke yake. Betri ilikuwa inalipa deni kila usiku.

Nikanunua alterneta ya Toyota iliyotumika, ya ampea 60, yenye reguleta ndani yake. Nikaifunga mwenyewe nikijiona injinia. Nilipounganisha betri nikasikia "tss", moshi mwembamba, harufu ya plastiki. Kwisha. Elfu tano zangu zikaenda na upepo.

Ikabidi niende kwa fundi wa waya pale mjini. Hakuigusa hata. Alitazama betri akaniuliza, "Kijana, uliona ni upande gani umefungwa kwenye bodi?" Sikuwa nimeona. Land Rover nyingi za kabla ya 1967 zina chanya kwenye bodi, si hasi kama magari ya siku hizi. Alterneta ya Toyota ukiiunganisha hivyo, dayodi zinaungua papo hapo. Na dayodi tulikuwa tumezisoma, bana! Sema nilisoma za kwenye ubao.

Kwa hivyo kazi ya kwanza ilikuwa kugeuza betri. Nguzo za betri hazilingani unene, ya chanya ni nene zaidi, ndiyo maana tulibadilisha vichwa vya kebo pia. Tukageuza nyaya mbili za koili. Starta haikuhitaji chochote; huzunguka upande uleule tu. Redio ya zamani ingekufa, lakini ilikufa kitambo bila msaada wetu.

Alterneta ya pili fundi aliichomelea breketi mpya, akarudia mara tatu mpaka puli zikakaa mstari mmoja, maana zikipinda mkanda unaliwa. Kile kisanduku cha reguleta ya zamani tukakitoa kwenye mzunguko. Kutoka alterneta hadi betri tulivuta kebo mpya nene yenye fyuzi yake, kwa sababu waya wa zamani ulipimwa kwa ampea 22, na ukiubebesha 60 unawasha moto. Mita ya ampea ya dashibodi tuliipita kando, tukaweka ya volti. Balbu nyekundu ya chaji usiidharau: kwenye alterneta nyingi, umeme mdogo unaopita humo ndio unaoiamsha. Balbu ikiungua, unaweza kuendesha siku nzima bila chaji.

Yule msee wa Nairobi alipiga simu. Nikamwambia dainamo iko ndani ya gunia, imepakwa mafuta, na breketi yake pia. Akanyamaza kidogo, akasema bei imeshuka. Sokoro alicheka sana. Chuo, basi, kinasubiri.

Wiki iliyopita tulikwama Keroka jioni, foleni imejaa pale Nyamira na Kisii zinapogombania ushuru. Injini ilikuwa chini, taa zote zinawaka, waipa zinafanya kazi, na sindano ya volti imekaa 14 haitingishiki. Nilimwonyesha sokoro. Akaitazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akanyoosha mkono na kuzima taa, kama ambavyo amekuwa akifanya kila akisimama tangu kabla baba yangu hajaoa.