Ramani na Vyama vya Walimu

Ramani ni picha ya nchi kama ndege aionavyo kutoka juu. Katika ramani ya Ituri twaona mji wa Bunia. Mashariki yake twaona Ziwa Albert, na magharibi twaona msitu mkubwa wa Mambasa.

Mwalimu wa jiografia ndiye afundishaye kusoma ramani. Lakini nchi hubadilika. Vijiji huhama, barabara mpya hukatwa, madaraja hubomoka. Mwalimu mmoja hawezi kujua mambo yote, wala kuwa na vyombo vyote. Kwa sababu hiyo walimu wa jiografia huungana katika vyama.

Mwaka 1893 walimu wachache walikutana Oxford, nchi ya Uingereza. Walitaka wanafunzi wao waone milima na mito ya nchi za mbali. Siku zile picha zilitiwa juu ya vioo, zikaonyeshwa ukutani kwa nguvu ya taa. Hakuna mwalimu aliyekuwa na picha zote. Basi wakapatana kuazimana. Hivyo kilizaliwa chama kiitwacho Geographical Association, nacho kingali hai hata leo. Tanzania pia ina chama chake cha jiografia.

Siku hizi ramani huchorwa kwa kompyuta. Mwaka 2004 ilianzishwa OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo kila mtu aweza kuiongezea kitu. Mwaka 2014 vyuo vikuu vitatu vya Marekani vilianzisha YouthMappers. Katika chama hiki wanafunzi wa vyuo vikuu na walimu wao huchora ramani ili kuwasaidia watu wenye shida. Mchoraji hutazama picha zilizopigwa na satelaiti, kisha hutia alama mahali pa kila nyumba na kila njia. Lakini satelaiti haijui majina. Jina la kijiji, la mto na la kilima hutoka kinywani mwa wenyeji.

Faida ya kazi hiyo ilionekana kwetu. Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa kwamba ugonjwa wa Ebola umeingia Kivu ya Kaskazini. Baadaye ulifika Ituri. Waganga walipaswa kuwatafuta upesi wote waliokutana na mgonjwa, wapate kuwachanja. Mgonjwa akitaja kijiji chake, ni kipi? Vijiji viwili huweza kuwa na jina moja. Kupotea njia siku moja ni kuuachia ugonjwa nafasi ya kwenda mbele. Basi watu wa kujitolea, wa Kongo na wa ng'ambo, walijaza nyumba, njia na majina katika ramani. Ugonjwa ule uliua watu zaidi ya 2,200 kabla ya kutangazwa kuwa umekwisha, tarehe 25 Juni 2020.

Mungu amempa kila mtu ujuzi kidogo, ili amhitaji mwenzake. Mwenye kompyuta aliye mbali hulihitaji jina ambalo mtoto wa kijijini analijua. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Maswali
1. Kwa nini walimu wa Oxford waliunda chama?
2. Satelaiti haiwezi kutuambia nini?
3. Ramani iliwasaidiaje waganga wakati wa Ebola?
4. Chora ramani ya njia itokayo kwenu hadi shuleni. Andika majina ya vijito na vilima.