Mabati yanatupika darasani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu ujenzi wa madarasa vijijini.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Darasa langu limeezekwa bati juu ya kenchi, bila dari. Ikifika saa sita mchana watoto husinzia, nami chaki huniteleza kwa jasho. Sasa tunafyatua matofali ya darasa jipya, na ramani ni ile ile!

Huko Gando, Burkina Faso, mwaka 2001 wanakijiji walikamilisha shule iliyochorwa na mzaliwa wa hapo, Ndugu Francis Kéré. Kuta ni za matofali ya udongo uliotiwa saruji kidogo. Dari nayo ni ya matofali yaliyoachiwa nafasi za kupitishia hewa, na bati limeinuliwa juu yake. Joto hupanda likatoka, upepo ukapita katikati, bila feni. Mwaka 2022 msanifu huyo alipewa Tuzo ya Pritzker.

Je, wachoraji wa ramani zetu wanashindwa nini kuinua bati? Naomba wafike kwetu kabla hatujapaua.

Mwalimu wa Kijijini